Miaka Yangu Kwenye Chungu cha Gundi

Wadogo zangu wa zamu, siku mliyoniaga pale kantini mlitaka niseme neno. Nikasema asanteni kwa kitenge, nikakaa. Najua mlidhani nimeona haya. Haikuwa haya. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu kuliko ile soda mliyonipa, na sehemu yake sikuwa na ruhusa ya kuitoa, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado hai. Sasa amekufa. Nitaanzia mwanzo kabisa, maana ndivyo alivyonifundisha: ukitaka kujua mchanganyiko umeharibikia wapi, rudi kwenye kitu cha kwanza ulichotia.

Mnaniita Mama Tupo. Jina langu kamili ni Tupokigwe, mzaliwa wa Tukuyu, na kazi sikuianzia kwenye gundi. Nilianzia Mbeya mjini, kwenye kiwanda cha sabuni ambacho leo ni ghala la saruji. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule na kufaulu kemia, nikidhani kemia ni zile chupa ndogo za maabara. Asubuhi ya kwanza nilipelekwa mbele ya chungu cha chuma kikubwa kama chumba changu cha kupanga, kinatokota mafuta ya mawese ya Kyela. Pembeni alisimama mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ameshika upawa mrefu.

"Unaitwa nani, binti?"

Nikamwambia.

"Mimi ni Salum. Simama hapa utazame. Ukichoka kutazama, tazama tena."

Nilitazama mpaka wakati wa kula. Sikupewa kitu chochote cha kushika. Mchana aliniuliza nimeona nini, nikasema nimeona povu. Akaniuliza povu la asubuhi na la saa hizi ni moja? Sikuweza kujibu. Akacheka, akanirudisha kulekule nikalitazame povu.

Mzee Salum, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alizaliwa Iringa mjini. Babu zake walitoka pwani na biashara za nguo, wakakaa. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sote, na hata akigomba ungedhani anabembeleza. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kile chungu, kwenye karatasi za ofisini, kinaitwa riakta. "Jina lisikutishe," alisema. "Riakta ni mahali ambapo vitu viwili vinaingia vikiwa wageni na kutoka vikiwa kitu kimoja. Kazi yako ni kuwapa joto, nafasi na muda. Yaliyobaki watayamaliza wenyewe."

Chungu cha sabuni ni kipole. Unatia mafuta, unatia maji ya kostiki, ile magadi kali inayochoma ngozi, unachochea moto wa boila kwa pumba za mpunga zilizoletwa na malori kutoka Rujewa, unapika. Ukikosea, sabuni inakungoja. Imekuwa na mafuta mengi? Ongeza kostiki. Imeungua kidogo? Ongeza maji, upike upya. Mwisho unatia chumvi, sabuni inajitenga na kupanda juu, na maji machafu unayafungulia chini. Nilikaa na kile chungu miaka mingi nikaamini kwamba kila riakta ina tabia hiyo ya kusamehe. Halafu sabuni za bei rahisi zikaingia sokoni kutoka nje, kiwanda chetu kikafungwa. Mzee Salum akapata kazi kwenye kiwanda cha gundi ya mbao huku Mufindi, njia ya Igowole, kwenye baridi na misonobari. Aliniombea nafasi nami. Ndivyo nilivyofika kwenu.

Chungu cha gundi nyie mlikikuta kimeshaondolewa, kwa hiyo nitakieleza. Kilikuwa tenki refu la chuma kisichoshika kutu, lina koti la chuma kwa nje. Ndani ya koti unapitisha mvuke ukitaka kupasha, au maji baridi ukitaka kupoza. Katikati ulishuka mwiko unaozungushwa na mota. Juu palikuwa na mfuniko wenye bolti na ngazi ya kupandia. Unaanza na formalini, ile inayotoa machozi, halafu unatia yurea. Ndiyo, yurea ileile ya kukuzia mahindi, ndiyo maana mlinzi getini alikuwa anatupekua mifuko kipindi cha mvua kuliko kipindi kingine chochote. Unapasha. Kisha unatia asidi kidogo, na hapo ndipo unapoacha kupiga hadithi na mwenzako.

Asidi ikishaingia, mchanganyiko unaanza kujifunga wenyewe kwa wenyewe na kutoa joto lake. Unachukua tone kwa kijiti, unalidondosha kwenye glasi ya maji baridi. Likiyeyuka, bado. Likishuka huku linaacha mkia mweupe kama moshi, ndiyo yenyewe: tia kostiki haraka kuua asidi, fungulia maji baridi, umepata gundi. Ukichelewa, ile gundi inazidi kunenepa, inakuwa uji, inakuwa ugali, inakuwa jiwe. Na jiwe hilo limo ndani ya chungu, na mwiko umo ndani ya jiwe.

Ilitutokea mara moja katika mwaka wangu wa pili pale. Asidi ilizidi, chungu kizima kikaganda. Tulipulizia hewa ndani mpaka tukahakikisha mtu anaweza kuvuta pumzi, kisha vijana wakaingia kwa zamu na nyundo na patasi. Walikuwa wanatoka macho mekundu, mikono imevimba, wamebeba gundi kwenye ndoo kama watu wanaochimba kisima kuelekea mahali pasipo na maji. Aliyekaa ndani kuliko wote alikuwa Festo. Kila wakimwambia zamu yake imekwisha, anasema bado kidogo.

Festo alikuwa Mhehe wa Kalenga, mtoto wa kiume pekee wa mama mjane. Alikuja akiwa kijana wa kubeba magunia ya yurea, na Mzee Salum akamtoa kwenye magunia akamfundisha chungu, kama alivyonifundisha mimi. Alikuwa mcheshi, ana sauti kubwa ya kwaya ya kanisani, na alikuwa anaimba sehemu ya besi peke yake mpaka ukatamani wengine watokee wammalizie wimbo. Pasaka alikuwa analeta maharage ya mama yake kwa zamu nzima. Hakuwa mtu wa kusubiri aambiwe. Pampu ikivuja, amekwishaleta spana. Mzigo ukifika, amekwishapanda juu ya lori. Mameneja walimpenda kwa hilo, na kila mkutano walisema: muigeni Festo, anajituma. Sote tulisema hivyo. Hata mimi. Lilikuwa neno zuri.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, tumetoka kula. Asidi ilikuwa imeshaingia, Mzee Salum ameshika glasi yake ya maji, mimi niko kwenye saa ya joto, Festo anapanga ndoo. Umeme ukakatika.

Mwiko ukasimama. Pampu ya maji baridi ikasimama. Pampu ya kostiki ikasimama. Jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Gundi iliyotiwa asidi haina habari kwamba umeme umekatika. Nilitazama saa ya joto, mshale unapanda bila mvuke wowote.

Mzee Salum alitazama mara moja tu. "Wote nje! Iacheni igande!"

Tulikuwa tumefundishwa hivyo. Chungu kitaharibika, nyundo na patasi zitarudi, lakini hakuna mtu atakayeumia. Mimi nikaanza kwenda mlangoni. Nikageuka, nikamwona Festo anapanda ngazi na ndoo ya kostiki mkono mmoja, spana mkono mwingine.

"Festo, shuka!"

"Nakuja Mzee, naimwagia tu!"

"Shuka, nasema! Shuka, mwanangu!"

Alikuwa anawaza zile siku za patasi. Nina hakika. Alitaka kutuokoa na ile kazi. Akafungua bolti, akainua mfuniko, na gundi ikapanda kama maziwa yanavyopanda ukigeuza shingo. Ilimpata usoni na kifuani. Alianguka kutoka kwenye ngazi, na Mzee Salum alishafika pale chini kabla mimi sijapata sauti. Alimburuta mpaka kwenye bomba la kuogea la dharura, akawa anaibandua ile gundi ya moto mwilini mwa Festo kwa mikono yake mitupu. Ile gundi haitoki peke yake. Baadaye viganja vya Mzee Salum vilipona vibaya, vidole vikabaki vimejikunja.

Wakaguzi walikuja, kila mmoja wetu akaeleza alichoona. Nilieleza kama ninavyowaeleza ninyi, na Mzee Salum alieleza hivyohivyo. Wakaandika kwamba marehemu hakufuata agizo la kutoka, na karatasi zao zikafungiwa ofisini. Marehemu, maana Festo aliishi siku chache tu hospitalini Iringa. Sisi hatukuruhusiwa kuingia ili vidonda visipate uchafu. Aliyeruhusiwa ni mama yake peke yake.

Tulikwenda Kalenga kwenye msiba kwa gari la kiwanda. Mzee Salum mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Wanaume walikuwa nje kwenye moto, wanawake ndani na mama mfiwa. Mzee Salum akaniomba nimwombee aingie amwone. Mama Festo alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, hajafunga kilemba, wanawake wa ukoo wamemzunguka.

"Kamwene, mama," Mzee Salum alimsalimu Kihehe. "Mimi ndiye Salum."

"Ndio wewe mkubwa wake."

"Ndiye mimi."

Mama akamtazama zile bandeji. "Watu wa kiwandani wote wanaokuja hapa wananiambia mwanao alikuwa anajituma. Asubuhi mpaka saa hizi, anajituma, anajituma. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Siku ile mwanangu alitumwa, au alijituma?"

Mzee Salum alikuwa amesimama kando yangu, nikasikia anavuta pumzi.

"Nilimtuma mimi," alisema.

Nilimgeukia. Masikio yangu yalikuwa bado na ile sauti yake, shuka, mwanangu, shuka. Yeye hakunitazama. Mama Festo alimkazia macho muda mrefu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na hajui limetokea upande gani. Midomo yake ilitikisika. Kisha akasema, "Toka kwangu. Na makaburini usifike."

Akatoka. Wanawake wakaanza kulia upya, na wengine wakatoka nje kuwaambia wanaume. Wakati tunazika yeye alibaki barabarani kando ya gari, ng'ambo ya shamba la mahindi. Kutoka kaburini nilimwona ameinua ile mikono yenye bandeji anaomba dua.

Nilimwuliza kabla dereva hajarudi. "Mzee, kwa nini umejisingizia?"

"Ungetaka nimjibu nini?"

"Kweli. Ulimwita ashuke."

"Nikishamwambia nilimwita akakataa, mwanangu, yule mama atabaki anamgombeza mtoto aliye kaburini. Akipika atamgombeza. Akilala atamgombeza. Mtoto hatamjibu. Mimi niko hai, nina mgongo. Acha anigombeze mimi."

"Na wewe?"

"Mimi nitazoea." Kisha akasema, "Nikiwa hai, usilitoe hili kwa mtu."

Nikamwahidi. Zilipofika arobaini nilirudi Kalenga peke yangu na sukari na majani ya chai. Mama Festo alinipokea vizuri, akanipa ugali, lakini nilishindwa kumtazama usoni, na baada ya hapo sikwenda tena.

Mzee Salum hakuzoea. Alirudi kazini, ila sikumsikia tena akitumia lile neno. Meneja akisema fulani anajituma, yeye anatoka nje ya mkutano. Kila mtu akianza kupanda ngazi ya chungu, alimsimamisha: "Nani kakutuma?" Kama huna jina la kutaja, unashuka. Mlikuwa mnanicheka, najua, mnaniigiza kantini, "Mama Tupo na nani-kakutuma yake." Niliokota kwake. Mwendelee kucheka, lakini mwendelee kuuliza.

Baada ya miaka kadhaa kile chungu kikubwa kiliondolewa. Injinia Kyando, aliyekuja akiwa kijana mpole anayesikiliza, aliishawishi kampuni ilete yale matenki madogo yanayofuatana, ambayo ninyi mmeyakuta. Malighafi inaingia la kwanza muda wote, inahama kwenda la pili, la tatu, na gundi inatoka mwisho bila kukoma. Asidi inaingia kwenye tenki moja dogo tu. Likiharibika hilo, umepoteza lita chache, na kostiki yake imening'inizwa juu: umeme ukikatika vali inajifungua yenyewe na kostiki inashuka kwa uzito wake. Hakuna anayepanda. Mwaka uliofuata tukaanza kutengeneza formalini yetu wenyewe, kwenye ile riakta isiyo na mwiko kabisa. Mle ndani kuna kitanda cha punje za madini ya fedha zimetulia tuli, mvuke wa methanoli unapita katikati na kutoka umegeuka. Zile punje hazipungui, zinachoka tu. Injinia aliponionyesha michoro ya bomba refu lililojikunja, ambamo mchanganyiko unaiva huku unasafiri, nilimwambia nimeelewa: mpishi kahamishwa, sasa chakula kinatembea. Alicheka.

Siku matenki mapya yalipowashwa, Mzee Salum alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alisimama chini ya ile vali ya kostiki akaitazama kwa muda. Injinia akamwuliza ana maoni gani.

"Ni nzuri," alisema. "Imechelewa."

Kisha akaenda kunawa uso.

Alistaafu akarudi Iringa kwa mkewe, Bi. Zuhura. Nilikuwa nawatembelea kila nikipata likizo. Bi. Zuhura alikuwa mkarimu lakini mkimya, anaweka chai, anaondoka. Mimi nilidhani ndiyo tabia yake. Mzee Salum vidole vyake vilizidi kukakamaa, ikabidi ashikiwe kikombe. Kabla sijaaga, kila mara, alikuwa anauliza swali moja kwa sauti ya chini: "Kalenga hawajambo?" Nami namwambia sijasikia baya.

Mwaka huu, nimeshaondoka kazini, ndiyo kwanza nazoea kulala mpaka jua litoke, mwanawe akanipigia simu kwamba baba amefariki usingizini. Nilifika Iringa maziko yameshamalizika, maana wenzetu Waislamu hawachelewi kuzika. Nikakaa na wanawake mpaka hitima. Watu walikuja kutoka Mbeya wa enzi za sabuni, walikuja kutoka kiwandani, Injinia Kyando alikuja. Kutoka Kalenga hakuja mtu. Ni mwendo mfupi tu, na habari za msiba zilishafika sokoni. Nilijiambia ahadi yangu ilikuwa ya uhai wake, na uhai wake umekwisha. Kesho yake nikaenda Kalenga.

Mama Festo nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amezeeka sana, macho yana ukungu, ilibidi nijitaje jina.

"Tupo wa kiwandani! Karibu mwanangu, karibu. Kaa."

"Mama, nimeleta habari. Yule Mzee Salum amefariki."

Mkono wake ukasimama juu ya gunzi. "Lini?"

"Wiki iliyopita. Mama, kuna neno nimekuja kukuambia. Siku ile, Mzee hakumtuma Festo. Mimi nilikuwepo. Alimwita ashuke."

"Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekusikia, mwanangu. Nilijua tangu zamani. Festo aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza pale hospitali, mdomo wake ulikuwa bado unafunguka. Alisema, mama, Mzee aliniita nishuke, sikushuka. Umwambie anisamehe."

Kuku waliingia kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza.

"Ndiyo maana nilimuuliza pale msibani," aliendelea. "Nilikuwa na salamu ya mwanangu mdomoni. Nilikuwa nasubiri aseme, alijituma mama, nilimwita hakusikia. Akisema hivyo, na mimi nampa salamu yake. Sasa yeye akasema nilimtuma mimi. Nikashangaa. Nikasema moyoni, huyu mzee ana nini?"

"Mbona ukamfukuza?"

Akaliweka lile gunzi chini. "Nilikuwa na hasira, mwanangu. Hasira na Festo. Mtoto ameitwa, ameambiwa shuka, yeye anapanda! Ananiacha mimi na nani? Na mwenyewe amelala pale kwenye sanduku, nitamgombezaje? Akatokea mzee wa watu, anasema mimi hapa, nipige mimi. Nikampiga." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nikasema hasira ikipoa nitamwita nimpe salamu yake. Nikasema mwakani. Mwakani ikifika nasema mwakani. Watu hapa wameshamwita muuaji, na mimi nimenyamaza. Nikaona aibu. Aibu ikizeeka inakuwa ngumu kuliko hasira."

Baadaye akauliza, "Ana mke?"

"Anaye. Amekaa eda."

"Nipeleke."

Alikwenda ndani, akatoka amevaa vitenge vya kanisani.

Bi. Zuhura alikuwa chumbani, amejifunika, udi wa msiba bado unanukia. Tulipiga hodi, akatukaribisha. Mama Festo akaketi sakafuni kwenye mkeka, akakataa kiti. "Mimi ni mama yake Festo," alisema. "Wa Kalenga."

Sijaona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Bi. Zuhura alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Mama," alisema haraka, "marehemu amekwishatangulia. Kama umekuja kwa ajili ya haki ya mwanao, nakuomba umsamehe. Mimi mwenyewe nimemwombea msamaha kwa Mungu kila swala. Sina zaidi."

Mama Festo akanitazama mimi, hakuelewa. Mimi ndiye niliyeanza kuelewa.

"Nani alikuambia ana kosa?" mama alimwuliza.

"Sokoni walisema. Wanawake wa kwenu, wauza mboga. Kwamba mume wangu alimtuma mtoto wa watu kwenye moto. Nikarudi nyumbani nikamuuliza. Nilimuuliza nikiwa nataka akatae." Bi. Zuhura alishusha sauti. "Akaniambia, wanavyosema ndivyo."

Basi mama Festo akamwambia yote, polepole, kama alivyoniambia mimi uani. Nami nikaeleza nilichokisikia mchana ule, na alivyonijibu barabarani kando ya shamba la mahindi. Bi. Zuhura alisikiliza bila kupepesa. Tulipomaliza alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Ile mikono yake," alisema, "nimeipaka mafuta kila jioni tangu alipoungua. Nilikuwa namshika, na moyoni nasema, mikono hii imeua mtoto wa mwenzangu. Sikumwambia, lakini mume anajua anavyoshikwa. Alijua." Akanigeukia. "Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ni mkewe. Ningemwambia nani?"

Labda aliogopa kwamba kweli ikishaingia sokoni upande mmoja itafika Kalenga upande wa pili. Labda alidhani lile neno la msibani halitafika kwake nyumbani kabisa. Alikuwa fundi aliyejua kukadiria joto la kitu kwa kukitazama tu, na hili hakulikadiria.

Mama Festo akamsogelea. "Mimi nina salamu ya mwanangu kwa mumeo. Nimechelewa nayo. Sasa nitampa nani?"

"Nipe mimi," alisema Bi. Zuhura.

Mama akanyoosha mgongo, akafunga macho, akaisema kama alivyoambiwa pale kitandani. "Mzee, uliniita nishuke, sikushuka. Unisamehe."

Bi. Zuhura alifungua mdomo amjibu kwa niaba ya mumewe, sauti ikakataa. Akajaribu tena.

"Angefurahi," alisema.

Wakashikana wakaanza kulia, nami nikatoka nje nikawaachia chumba.